Watumishi wa Kudumu wa Kikosi cha Akiba: Kazi Yao na Hesabu Wanayodaiwa

Kila mkazi wa pwani amepata kuona jahazi lililopandishwa nchi kavu wakati wa kusi. Mabaharia wake wametawanyika, huyu yuko shambani, yule yuko kwake akishona nyavu, na nahodha hupita mara moja tu kwa juma kulitazama. Lakini yupo fundi mmoja ambaye haondoki. Huyu ndiye atazamaye mbao zisipasuke, atiaye kalafati, apakaye sifa na deheni, na awekaye tanga mahali pasipofikiwa na panya. Siku pepo zigeukapo na chombo kushushwa majini, mabaharia hurudi kwa furaha na ngoma. Hapo ndipo kazi ya fundi yule hujulikana. Akiwa alifanya vema, hakuna atakayemtaja. Akiwa alilala, maji yataingia, na watakaozama si yeye, bali ni wale waliomwamini.

Kikosi cha askari wa akiba kinafanana na jahazi hilo. Somo hili linahusu fundi wake: yaani wale watumishi wachache wa kudumu wanaobaki katika kambi siku zote, hali wenzao wengi wako katika kazi zao za kila siku. Kazi yao ni nini? Wapaswa kuwa watu wa namna gani? Na ni nani awaulize hesabu?

ASKARI WA AKIBA NA WATUMISHI WA KUDUMU

Askari wa akiba ni raia aliyekubali kufundishwa kazi ya ulinzi na kuitwa pindi ahitajiwapo. Kwa muda uliobaki yeye ni mwalimu, mvuvi, karani wa bandari au fundi wa reli. Serikali hupendezwa na askari wa namna hii kwa sababu gharama yake ni ndogo wakati wa amani, na idadi yake ni faida kubwa wakati wa hatari. Akiba haiozi, wasema wazee. Neno hilo ni kweli kwa akiba iliyotunzwa. Mahindi yaliyotiwa ghalani bila kukaushwa huoza, tena huoza upesi kuliko yale yaliyoachwa shambani.

Wenye kuikausha akiba hii ni watumishi wa kudumu. Katika kikosi cha kawaida wamo afisa msimamizi, ambaye hupanga mafunzo na kuandika barua. Mkufunzi, ambaye kwa kawaida ni sajini aliyekomaa katika jeshi la kudumu. Mtunza bohari, ambaye hushika sare, mahema na vyombo. Fundi wa silaha. Na karani, ambaye huandika majina, malipo na mahudhurio. Pengine hawafiki watu kumi. Hata hivyo mamia ya watu huwategemea hao kumi.

Idadi yao ndogo ndiyo asili ya ugumu wa jambo hili. Katika jeshi la kudumu mtu mzembe huonekana asubuhi hiyo hiyo, kwa kuwa wakubwa na wenziwe wapo. Katika kikosi cha akiba mkuu wa kikosi mwenyewe huenda akawa mtu wa akiba, ajaye siku mbili au tatu kwa mwezi. Makao makuu yako mbali. Basi Jumanne asubuhi, mtunza bohari akiwa peke yake na funguo mkononi, ni nani amwonaye? Kwa sababu hiyo mtumishi wa kudumu hupewa uaminifu mkubwa kuliko cheo chake, na kwa sababu hiyo hiyo hesabu yake yapaswa iwe kali kuliko ya mwenziwe aliye katika kambi yenye watu wengi.

MAMBO YALIYOPATA KUONEKANA MOMBASA

Jambo hili si geni katika Mombasa. Mwaka 1933 kiliundwa kikosi cha hiari cha wanamaji wa Kenya, kilichojulikana kwa herufi za K.R.N.V.R. Maafisa wake walikuwa Wazungu waliokuwa na kazi zao nyingine, na mabaharia wake wengi walikuwa Waafrika. Wakati ule wengi walikiona kuwa ni mchezo wa siku za mapumziko. Lakini vita vilipoanza mwaka 1939 kikosi hicho kiliitwa kazini: kukagua meli ziingiazo Kilindini na kusafisha njia ya bahari isiwe na mabomu. Mwezi wa Aprili 1942 manowari za Wajapani zilishambulia Colombo na Trincomalee katika Ceylon, na baada ya hapo kundi la manowari za Waingereza za bahari ya mashariki lilihamishia makao yake Kilindini. Bandari iliyokuwa ikilindwa na watu wachache ikawa kituo cha manowari kubwa kwa muda mfupi sana. Hapakuwa na nafasi ya kuanza kutafuta ni nani ajuaye kazi na ni nani jina lake liko katika daftari tu.

Mwaka 1950 kikosi cha wanamaji cha Afrika Mashariki kikachukua mahali pa kile cha zamani, na meli iliyoitwa Rosalind ikatumika kufundishia mabaharia. Kikosi hicho kilivunjwa mwaka 1962. Miaka miwili baadaye, tarehe 12 Desemba 1964, Jeshi la Wanamaji la Kenya likazinduliwa, na makao yake yakawa Mtongwe, upande wa Likoni. Baadhi ya mabaharia wa zamani waliingia katika jeshi jipya.

Hapa pana fundisho. Kati ya kikosi kuvunjwa na jeshi kuanzishwa, ni kitu gani kimwonyeshacho baharia kwamba alitumikia, kwa muda gani, na alijifunza kazi gani? Ni karatasi. Mtu aliyetumikia miaka minane kisha karani akaandika sita amepunguziwa miaka miwili ya maisha yake. Yeye hana bunduki ya kuidai wala sauti ya kusikika Nairobi. Ana cheti kile tu, na mkono wa mtu aliyekiandika.

Kenya ilikuwa na mfano mwingine pia. Kenya Regiment, kikosi cha akiba cha Wazungu kilichoanzishwa mwaka 1937 na kuvunjwa mwaka 1963, kilipata wakufunzi wake wa kudumu kutoka jeshi la kawaida la Uingereza. Shabaha ilikuwa kwamba mkulima au karani afundishwe na mtu ambaye kazi yake yote ni uaskari, wala asifundishwe na mkulima mwenziwe.

DAFTARI LA MAJINA

Makosa makubwa ya vikosi vya akiba hayaanzi na wizi. Huanza na daftari lisilotazamwa. Chukua mfano wa kubuni. Kikosi kimoja cha Mombasa bara kina majina 100. Katika hayo, watu 12 wamehamia miji mingine, 5 wamefariki, 8 hawajapimwa na daktari, na 15 hawajapiga shabaha mwaka mzima. Waliobaki tayari ni 60. Karani aweza kuandika 60 na kueleza sababu. Aweza pia kuandika 100, kwa kuwa hakuna amwulizaye, tena mkuu wake atapendezwa na taarifa nzuri.

Tuseme sasa mvua kubwa imenyesha au hatari imetokea bandarini. Mkuu wa eneo asoma 100, aamuru mashua na chakula cha watu 100, apange walinzi katika vituo kumi, kila kituo watu kumi. Usiku ule vituo vinne havina mtu hata mmoja. Mkuu hajui. Wale 60 waliokuja nao hawajui kwamba upande wao wa kushoto uko wazi. Uongo ulioandikwa kwa kalamu mchana wa amani umekuwa tundu katika ulinzi.

Tena si idadi peke yake. Mombasa bara ni sehemu tatu zilizotengwa na maji na njia zake. Mtu wa Likoni huvuka kwa feri. Mtu wa Kisauni hupita daraja la Nyali. Mtu wa Changamwe hupita Makupa. Daftari lisemalo "Changamwe" bila kusema Chaani au Kipevu au Port Reitz halimsaidii mjumbe wa usiku. Daftari lisemalo "Likoni" bila kutofautisha Mtongwe, Timbwani na Shika Adabu litampotezea saa nzima, naye ana watu kumi wa kuwatafuta. Karani mwema huuliza kijiji, jirani, mahali pa kazi na namba ya simu, na huuliza tena kila baada ya miezi mitatu, maana watu huhama. Kazi hii haina sifa, wala haipigiwi tarumbeta. Hata hivyo ndiyo ifanyayo kikosi kiwe kikosi.

BOHARI NA GHALA YA SILAHA

Mali bila daftari hupotea bila habari. Katika bohari ya kikosi mambo matatu yapasa kutimizwa. Kwanza, kila kitu kitolewacho kitiwe sahihi na mpokeaji mwenyewe, wala asitiwe sahihi na rafiki yake. Pili, mtu aandikaye daftari asiwe yule yule ahesabuye mali. Tatu, hesabu ifanywe na watu wa nje kwa siku isiyotangazwa. Mtunza bohari mwaminifu hapaswi kuona hesabu hiyo kuwa ni matusi. Ndiyo ngao yake. Siku akabidhipo funguo kwa mwingine, hesabu safi ndiyo itakayomtoa katika mashaka.

Silaha zinataka uangalifu zaidi. Bunduki moja isiyojulikana iliko si hasara ya fedha tu. Yaweza kuwa kifo cha mtu asiye na hatia katika kijiji cha mbali. Kenya imepata kuonja uchungu wa jambo hili upande wa polisi wa akiba, kikosi kilichoanzishwa mwaka 1948 na ambacho kwa Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 kiliwekwa chini ya utaratibu mpya. Mwaka 2019 Serikali ilikusanya silaha za askari hao katika sehemu za kaskazini ili wachunguzwe upya, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba baadhi ya bunduki zilitumiwa vibaya. Wafugaji wengi walilalamika kwamba wameachwa wazi mbele ya wezi wa mifugo. Basi mtu aliyekuwa mwaminifu na mtu aliyekuwa mkorofi walinyang'anywa siku moja. Pale ambapo daftari la nani ana nini, alipewa lini na alikaguliwa lini halitoshi kumtenga mbaya na mwema, mwema hulipa deni la mbaya.

SIFA ZA MTUMISHI WA KUDUMU

Kuna desturi mbaya katika majeshi mengi ya dunia, ya kumpeleka katika kikosi cha akiba yule asiyetakiwa kwingine: mchovu, mlevi, au yule angojaye pensheni. Wakubwa hufikiri kwamba huko hataharibu kitu. Hawafahamu kwamba huko ndiko ataharibu zaidi, kwa kuwa hayupo wa kumsahihisha, na wale awafundishao hawana mwalimu mwingine.

Mkufunzi wa askari wa akiba ana kazi ngumu kuliko ya mkufunzi wa jeshi la kudumu. Mwenziwe ana mwezi mzima wa kurudia somo. Yeye ana Jumamosi moja. Mwenziwe afundisha vijana wanaolala kambini. Yeye afundisha baba wa watoto aliyetoka zamu ya usiku bandarini. Wengine walio mbele yake wamemzidi elimu au umri. Akiwapigia kelele kama watoto, hawatarudi. Akiwalegezea, hawatajifunza. Yapasa awe mtu ajuaye kazi yake barabara, mwenye subira, na mwenye heshima kwa raia. Zaidi ya hayo, yapasa awe na ujasiri wa kuandika "hakufaulu" mahali ambapo mtu hakufaulu, hata mtu huyo akiwa tajiri au mzee wa mtaa. Cheti cha uongo cha kupiga shabaha au cha kuogelea si zawadi kwa aliyepewa. Baharia aliyepewa cheti hicho atakiamini mwenyewe, mpaka siku atakapoanguka majini.

NI NANI AULIZAYE HESABU?

Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Mtumishi wa kudumu wa kikosi cha akiba huwa na wakubwa wawili: mkuu wa kikosi, ambaye yuko karibu lakini si kila siku, na idara iliyomtuma, ambayo iko kila siku lakini si karibu. Kila mmoja hufikiri mwenziwe ndiye amwangaliaye. Dawa yake ni kuandika wazi tangu siku ya kwanza: ni nani atoaye amri za kila siku, ni nani aandikaye ripoti ya mwaka ya mtumishi huyo, na ni nani apokeaye malalamiko ya askari wa akiba. Askari ambaye malipo yake hayakufika asilazimike kumlalamikia karani yule yule aliyeyachelewesha.

Katika Kenya sheria imeweka misingi. Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya mwaka 2012 ina nafasi ya jeshi la akiba. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 226, yasema kwamba mwenye kazi ya umma aelekezaye au akubaliye fedha za umma zitumiwe kinyume cha sheria atawajibika kwa hasara itokanayo, awe bado yumo kazini au ameondoka. Maana yake ni kwamba uhamisho haufuti deni. Kifungu cha 229 chamtaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akague na kutoa taarifa katika muda wa miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha. Nacho kifungu cha 47 champa kila mtu haki ya kutendewa kwa njia iliyo halali na ya haki, na ya kupewa sababu kwa maandishi pale haki zake zinapoguswa. Kwa hiyo mtumishi adhaniwaye kuwa amekosa hana budi kusikilizwa kwanza. Kuulizwa hesabu si kuhukumiwa.

Hapana budi kusema pia upande wa pili. Mara nyingine mtumishi hulaumiwa kwa kosa ambalo si lake. Karani mmoja apewapo kazi ya watu watatu, daftari litachelewa. Mtunza bohari aombaye kufuli mpya mara nne bila kujibiwa hawezi kubeba peke yake lawama ya mlango uliovunjwa. Hesabu huenda pande zote mbili: aliye chini hudaiwa kazi, na aliye juu hudaiwa vyombo vya kazi. Mtumishi mwenye busara huweka nakala ya kila barua ya maombi aliyopeleka.

Swali jingine gumu ni muda wa kukaa. Akihamishwa kila mwaka, mtumishi hatawajua watu wake wala njia za kijiji. Akikaa miaka kumi na mitano, huanza kusema "bohari yangu" na "askari wangu," na mkaguzi humwona kuwa mgeni msumbufu. Njia ya katikati ni kumwacha akae muda wa kutosha kuijua kazi, kisha makabidhiano yafanywe kwa hesabu kamili mbele ya mashahidi.

JINSI NCHI NYINGINE ZIFANYAVYO

Uingereza ilipounda jeshi lake la akiba la wilaya kwa sheria ya mwaka 1907, iliyoanza kutumika mwaka 1908, ilitia katika vikosi hivyo maafisa na wakufunzi kutoka jeshi la kudumu. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1968, iliweka mafundi wenye hali mbili: kwa siku za kazi wao ni watumishi wa kiraia, na siku za mafunzo huvaa sare katika kikosi kile kile. Faida yake ni kwamba fundi huenda vitani pamoja na gari alilolitengeneza mwenyewe, kwa hiyo hulitengeneza vizuri.

Karibu zaidi, Tanzania humweka afisa wa Jeshi la Wananchi katika wilaya, ajulikanaye kwa desturi kuwa Mshauri wa Mgambo au Mshauri wa Jeshi la Akiba. Huyu husimamia mafunzo ya wanamgambo wa wilaya yake. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwaka 1978, maelfu ya mgambo waliitwa kujiunga na jeshi, na mwezi wa Aprili 1979 Kampala ilitekwa. Mtu wa kijijini aliyesimama siku ile mbele ya adui alikuwa na kile alichofundishwa, wala hakuwa na zaidi.

MWISHO WA SOMO

Yamkini msomaji wa Likoni, Kisauni au Changamwe hatapata kamwe kuvaa sare. Hata hivyo jambo hili lamhusu. Ni kijana wake atakayefundishwa na mkufunzi yule, ni kodi yake iliyonunua vyombo vya bohari ile, na ni usingizi wake unaolindwa na daftari lile. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wa kikosi cha akiba huanza kwa jina moja la mtu aliyekwisha kufa ambalo halikufutwa.

Maswali ya kuzungumza katika baraza au darasa la watu wazima:

1. Kwa nini uzembe wa mtumishi mmoja hudhuru zaidi katika kikosi cha akiba kuliko katika jeshi la kudumu?

2. Karani ameamriwa na mkubwa wake aandike watu 100 ilhali walio tayari ni 60. Afanye nini, na amwendee nani?

3. Ni faida gani aipatayo mtunza bohari mwaminifu kwa kukaguliwa bila kuambiwa mbele?

4. Katika chama chenu cha ushirika, msikiti, kanisa au shule, ni nani aandikaye daftari na ni nani ahesabuye mali? Je, ni mtu mmoja?